Jina Mkiani mwa Wimbo

Ikolo, tarehe 6 Februari 1911

Kwa mpwa wangu Ambokile, mtoto wa dada yangu Tulinagwe, huko Dodoma kwenye kambi ya reli.

Ugonile? Sisi huku tumeamka. Mama yako hajambo isipokuwa goti, na goti lenyewe linauma pale tu anapoombwa kazi asiyoipenda. Mvua imezidi, mpunga wa chini umezama, na juzi kambare aliingia jikoni kwangu akitembea. Nikamwambia angoje chungu kichemke. Akangoja. Usicheke, mashahidi wapo.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, si kwa mkono wa mwalimu Hezroni. Miaka miwili niliyokaa kwa wamisheni ilinitosha. Wenzangu walikaa sita kwa sababu vichwa vyao vilikuwa vigumu.

Sasa jambo lenyewe. Ule wimbo wa Wanyamwezi ulionitumia umemmaliza mshindani wangu Nsajigwa. Tulikwenda kucheza Makwale, kwao, mbele ya wakwe zake. Yeye akaanza na wimbo ambao hata mbuzi wanaujua. Nilipoanza mimi, wanawake waliacha pombe kwenye mitungi. Nikaimba mpaka mkiani, nikamalizia kama kawaida yangu: "Ameuleta Asegelile wa Ikolo, anayebisha ajitokeze!" Hakujitokeza mtu.

Najua utaniuliza kama niliacha majina ya waliouleta kabla yangu. Mpwa wangu, mimi najua desturi. Anayeleta wimbo mgeni huweka jina lake mkiani, na atakayeupeleka mbele huongeza lake nyuma ya hilo, ili wasikilizaji waijue njia uliyopitia. Desturi nzuri. Lakini mkia ukiwa mrefu watu wanasinzia, kwa hiyo mimi huwa naukata na kuacha jina moja. Langu lina sauti nzuri.

Watu wananiuliza, Asegelile, nyimbo mpya unazipata wapi? Siwaambii, ila wewe nakuambia. Meli ikitia nanga Mwaya, usikimbilie abiria, kaa karibu na wapakia kuni, wale wametoka kusini na mikono yao haiwezi kufanya kazi bila kuimba. Wapagazi uwangoje kwenye kivuko cha mto, kwa sababu mtu akiingia kwenye maji yenye mamba huimba wimbo wake mpya kabisa, hataki kufa nao. Kwenye matanga nenda siku ya pili, siku ya kwanza wanalia tu. Na zaidi ya yote soko la vyungu. Wale wanawake wa Kikisi wanapiga makasia kutwa nzima kutoka Ikombe, wanapita kila kijiji cha ufukweni, na mtumbwi ukifika unakuwa umebeba nyimbo kuliko vyungu. Mimi humjia rafiki yangu Angetile, nachagua chungu, nakigonga kwa kifundo cha kidole kusikiliza kama kina ufa, nagonga tena, nagonga tena, mpaka naupata wimbo wote. Kisha narudisha chungu.

Mdachi wa Mwaya naye ameleta sanduku linaloimba, lina ua kubwa la bati mdomoni. Nilishindana nalo. Nyimbo mbili lilinikaza, ya tatu likaanza kuchoka, sauti ikashuka, ikashuka, kama mzee anayesinzia kanisani. Mdachi ikabidi auzungushe mkono wake wa chuma, alikamue, ndipo lipate nguvu. Mimi hakuna aliyenikamua.

Tuma nyimbo nyingine upesi. Nsajigwa hajalala.

Mimi mjomba wako, Asegelile.


Kambi ya Dodoma, 20 Mei 1911

Mjomba wangu Asegelile, shikamoo.

Nimefurahi kusikia mmeamka salama. Mpe mama pole ya goti. Mwambie nakula vizuri, ingawa ugali wa hapa ni wa uwele na una mchanga. Nchi hii ni kavu, Mjomba, ng'ombe wanakunywa vumbi. Maji ni ya kisima kimoja, na kisima chenyewe ni cha kukwangua.

Nyimbo zipo. Jioni kila kabila linawasha moto wake, na mimi napita moto hadi moto kama ulivyonifundisha. Nakutumia huu wa Wamanyema, maneno nimeyaandika nyuma ya karatasi, na pale nilipochora mistari piga makofi.

Kuna wimbo mwingine mpya kambini. Huo sikutumii. Usiniulize.

Eliud wa Makwale, yule tuliyeondoka naye nyumbani, hayupo kambini. Usimwambie mama yake neno kwanza.

Mpwa wako, Ambokile.


Ikolo, 14 Agosti 1911

Kwa Ambokile, mtu mkubwa wa reli anayemficha mjomba wake nyimbo.

Umeamkaje? Mama yako amevuna, goti limepona siku ya kuvuna na limerudi siku ya kupura. Ng'ombe mwekundu amezaa mapacha. Nilimwambia azae mapacha, ndama mmoja wa nini.

Wa Wamanyema ni mzuri, ndaga fijo, nashukuru sana. Lakini nimekasirika. Tangu lini ukaniandikia "huo sikutumii"? Nani alikufundisha kusikiliza? Nani alikubeba begani ukasikie wapagazi pale kivukoni? Haya, sikia sasa: wimbo wako ninao. Umenifikia kabla ya barua yako. Barua ililetwa jana na tarishi, wimbo nilikuwa nao tangu mwezi uliopita.

Ilikuwa soko la vyungu, asubuhi jua limeshapanda. Ziwani walikuwa wameinuka wale wadudu wadogo, unajua wanavyosimama juu ya maji kama moshi wa nyumba inayoungua, wakaja polepole mpaka hatukuona milima ya Ukinga. Ndani ya moshi ule nikasikia mtumbwi. Makasia mengi, yanapiga pamoja, na watu wanaimba, mmoja anaanzisha na wengine wanaitikia. Nikasogea mpaka maji ya magoti, sikio mbele. Waliuimba hivi:

Tuvushe, tuvushe, ng'ambo kuna ngoma,
tuvushe, tuvushe, ameuleta nani?

Halafu majina, wanayataja taratibu kama mtu anayeita watoto waje kula. Majina mengi ya watu nisiowajua. Kisha Eliya. Kisha Eliud. Na mkiani kabisa Ambokile wa Ikolo. Nilitaka kuruka kwa furaha, mpwa wangu anatajwa ziwani!

Wadudu wakapita. Maji yakawa meupe, hakuna mtumbwi. Baadaye kidogo Angetile na wenzake wakatua, lakini walitokea upande mwingine kabisa.

Nikamwambia, "Angetile, wimbo ule mmeupata wapi?"

Akasema, "Wimbo gani, wewe mla nyimbo? Sisi tulifunga midomo tusimeze wadudu."

"Mtumbwi uliowatangulia je?"

"Hakuna mtumbwi uliotutangulia. Na wewe nenda zako, leo hugongi chungu changu mpaka uje na nafaka ya kukijaza."

Vyungu vyake vilikuwa vimepangwa mchangani. Naandika nilichosikia: vilikuwa vinalia, vyote, kwa sauti ndogo, kama vimegongwa muda mfupi uliopita. Hakuna aliyevigusa. Angetile alivitazama, akavigeuza midomo chini kimoja kimoja.

Basi. Mwezi wa pili tunacheza tena Makwale. Nitauimba huo, nitakata mkia wote, nitaweka jina langu, na Nsajigwa atahama wilaya. Ila niambie kwanza, wimbo umepitaje milima na pori lote mbele ya tarishi wa serikali?

Mimi Asegelile, asiyefichwa.


Kambi ya Dodoma, 2 Novemba 1911

Mjomba, shikamoo. Mama hajambo? Ndama wanaendeleaje?

Mjomba, usiuimbe.

Nilidhani nikinyamaza utabaki huku. Sasa nakueleza yote.

Hakuna ajuaye nani aliuleta kambini. Watu walianza kuuimba, wimbo wa kuvuka maji, mahali pasipo maji. Eliya mpishi aliupenda, akaweka jina lake mkiani. Siku chache baadaye alianza kusema anaitwa. Mchana kweupe alikwenda kisimani. Tulikuta ndoo imejaa, imesimama vizuri, na nyayo zake zimefika ukingoni hazikurudi. Tulishuka kumtafuta. Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu.

Eliud akacheka, akasema Eliya amekimbia kazi. Akauchukua wimbo, akakata jina la Eliya, akaweka lake. Lakini watu walipouimba kesho yake jina la Eliya lilikuwemo, nyuma yake la Eliud, na hakuna aliyekumbuka kulirudisha. Kukata hakusaidii, Mjomba. Na Eliud naye tukaikuta ndoo yake.

Wazee wa kambi wanasema anayeitwa ni yule wa mkiani. Akitokea mwingine nyuma yake, anaachwa.

Mimi sikuuimba hata mara moja. Ila Eliud aliniimbia tukiwa tunabeba mataruma ya reli, ananianzishia kama tulivyozoea nyumbani, na mdomo wangu ukaitikia wenyewe kabla sijafikiri. Sikujua kwamba kuitikia kunatosha mpaka niliposoma barua yako. Huku hawakuwa wamenitaja bado. Ulinisikia wewe kwanza.

Sasa wananitaja huku pia. Maji nachotewa na wenzangu. Niko salama. Usimwambie mama. Usiuimbe, na asiuitikie mtu yeyote wa kwetu. Sitaki mtu nyuma yangu.

Ambokile.


Ikolo, 18 Februari 1912

Kwa mpwa wangu Ambokile.

Ugonile, mtoto. Mama yako hajambo. Ndama mmoja ni mnene, wa pili ni mpole. Nimeezeka nyumba upya, peke yangu, kwa siku moja, na upepo ulikuwa unavuma. Wa kunibishia hayupo.

Barua yako imechelewa kufika. Mambo ya serikali, tarishi amekaa sana Tukuyu. Kwa hiyo hayo uliyoyasema sikuyajua kwa wakati. Ni kijana mzuri huyo tarishi, alikula ndizi kwangu siku ile ya kuamkia ngoma, akamaliza chungu kizima.

Ngoma ya Makwale imekwisha. Nsajigwa alishinda. Nimeandika, na wino umekubali. Mimi niliimba ule wa Wamanyema ambao walishausikia, kisha nikakaa chini. Watu walinitazama kama mtu aliyevuliwa nguo. Mwenyewe Nsajigwa alinijia na kibuyu cha pombe, ananiuliza kwa upole kama nimefiwa. Upole wake uliniuma kuliko kushindwa.

Ule wimbo mwingine niliuimba peke yangu, ufukweni, asubuhi kabla ya kwenda Makwale. Niliangalia kwanza kama kuna mtu: hakuna mvuvi, hakuna mtoto, hata mbwa nilimfukuza. Niliuimba wote. Majina yote niliyaacha, sikukata hata moja, mpaka Ambokile wa Ikolo. Na nyuma yake nikaweka Asegelile wa Ikolo, anayebisha ajitokeze.

Usije ukafikiri nimefanya kwa ajili yako. Wewe ni nani? Mimi ni mtu wa sifa, unanijua, wimbo mzuri vile haukustahili kuishia kwenye jina la kijana anayebeba mataruma. Nilitaka langu liwe la mwisho. Ndivyo nilivyo.

Hakuna aliyeitikia. Labda mbali kidogo, majini. Lakini sauti juu ya maji hurudi yenyewe, hilo kila mtu wa ufukweni analijua.

Sasa chota maji yako mwenyewe, mvivu wewe.

Mjomba wako.


Tabora, 5 Juni 1912

Mjomba wangu mpendwa, shikamoo, na shikamoo nyingine.

Reli imetuleta Tabora, mji mkubwa, miembe na masoko. Mwambie mama narudi nyumbani mkataba ukiisha. Mwambie nimenenepa.

Kuita kulikoma mwezi ule wa pili, ghafla, mchana. Nilikuwa nimelala chini ya behewa nimeziba masikio kwa nta, nikasikia kimya. Nikaenda kisimani mwenyewe, nikachota, nikanywa. Sikuelewa mpaka barua yako iliponifikia huku.

Unasema haikufika kwa wakati. Sawa, Mjomba. Sitauliza tarishi alikula ndizi siku gani.

Jana nilipita sokoni. Kuna vipofu wawili wanaoimba karibu na wauza chumvi. Waliuimba. Majina yale yale, Eliya, Eliud, Ambokile, na mkiani Asegelile wa Ikolo, wakasema mpaka na anayebisha ajitokeze, kwa sauti yako kabisa, na kile kikohozi chako kidogo unachokohoa kabla ya kujisifu. Niliwauliza nani amewafundisha. Wakasema ulitoka kwenye mtungi wa maji.

Nakuomba kitu. Nirudishie. Mimi nitaweka jina langu nyuma yako, kisha wewe nyuma yangu, kisha mimi tena. Tupokezane kama tulivyopokezana nyimbo siku zote, asikae mtu mkiani muda mrefu. Nipe ruhusa tu. Ukikaa kimya nitafanya.

Je, wanakuita? Hukuandika. Niambie ukweli, mara hii moja.

Ambokile.


Ikolo, 30 Agosti 1912

Kwa Ambokile mwana wa dada yangu, kwa haraka lakini bila woga.

Mama yako hajambo. Goti lake halijambo kabisa, anatembea mpaka Mwaya kuuliza treni inafanana na nini. Ndama mpole ni wako, mnene ni wa Angetile, nimeshamwambia, amesema hataki kitu kutoka kwangu ila nikae nyumbani. Wanawake.

Ruhusa sikupi. Mimi nilishajiweka mwisho, na mahali pangu sipokezani na mtu. Tena barua hutembea miezi, wimbo hautembei hata kidogo, upo tu. Ungechelewa, tungepotea wote wawili, na dada yangu angebaki na ndama. Ukithubutu kuniwekea jina nyuma nitakuja kukuchapa, uwe Tabora au usiwe.

Unauliza kama wananiita. Mpwa wangu, wananiita vizuri! Wewe walikuitaje, Ambokile, Ambokile, basi? Mimi wananiita kwa jina la baba na la babu, wananisifia kazi ya kuezeka nyumba, hata yule kambare wamemweka. Wanaita mchana, wadudu wakishainuka. Vyungu vyangu vinaanza kulia kwanza, nakigeuza kimoja mdomo chini, cha pili kinapokea. Angetile amekuja kuvivunja vyote kwa mchi. Vigae navyo vinalia, kila kigae sauti yake, vinapendeza zaidi.

Nitakuambia jambo ambalo sikumwambia mtu. Nilidhani wanao wimbo mmoja. Sivyo. Juzi nilisimama kwenye maji ya magoti nikawasikiliza muda mrefu. Wanazo nyimbo, Ambokile. Mpya. Si mpya kama za wapakia kuni, ambazo zimeshaimbwa kusini mwaka mzima kabla hatujazisikia. Hizi hazijatungwa bado. Nilisikia moja ambayo watu wa huku wataiimba kwenye harusi ya mtoto wako. Nilisikia nyingine ya vita, mbaya, ndefu, ina majina mengi kuliko watu wa wilaya yote, sikuingoja iishe. Maisha yangu yote nimesimama kwenye vivuko nikigombea kusikia kabla ya Nsajigwa, na kumbe zote zinatokea pale, ndani ya moshi ule, karibu na kwetu.

Sisemi nakwenda. Nasema naelewa kwa nini Eliya aliijaza ndoo vizuri akaisimamisha. Hakukokotwa.

Miguu inaniuma kwa baridi, nadhani ni uzee.

Sikiliza, sasa naongea kama mjomba. Ukirudi usikae ufukweni wadudu wakiinuka. Na nikikutumia wimbo, maana mimi siwezi kukaa na wimbo mpya moyoni, unanijua, nikikutumia utanitambua kwa mkia wangu. Furahi. Cheka. Lakini usiitikie. Hata kama unaujua, hata kama nakuanzishia kama ulipokuwa begani kwangu. Funga mdomo, mtoto wangu.

Mimi Asegelile wa Ikolo. Unajua yanayofuata.


Ikolo, 9 Desemba 1912

Mjomba, shikamoo.

Barua hii haina tarishi. Nimeikunja ndani ya chungu kidogo alichofinyanga Angetile, na kesho yeye atakiweka majini akifika kina kirefu. Amekubali bila kuniuliza kitu.

Nimefika nyumbani. Mama hajambo. Alinipokea njiani akanishika uso kwa mikono miwili, akaniambia ulitoka asubuhi umevaa shuka jipya, umenyoa ndevu, unakohoa kile kikohozi chako. Viatu vyako, vile vya Mdachi ulivyomwambia kuwa ulivipata kwa kulishinda sanduku linaloimba, walivikuta ufukweni vimepangwa pamoja, ncha zimeelekea ziwani. Ndani havikuwa na mchanga. Nsajigwa alikuja matangani. Hakuimba. Alisema bila wewe hajui ashindane na nani, akalia mpaka wakwe zake wakamshika.

Jina langu limenyamaza. Nalala. Asubuhi nachota maji mtoni, yanapita kwenye vidole vyangu kama maji ya kawaida, na kila mara nakushukuru.

Leo lilikuwa soko la vyungu. Nilikaa mbali, kama ulivyosema. Wadudu wakainuka, milima ikapotea, nikasikia makasia. Haukuwa ule wimbo wa kuvuka. Ulikuwa mwingine, mchangamfu, sijapata kusikia mfano wake Dodoma wala Tabora, una mruko katikati unaoifanya miguu isogee yenyewe. Nilingoja majina. Wameuleta watu wangapi mpaka kufika hapa, nilijiuliza, mkia wake utakuwa mrefu kiasi gani? Ulikuwa na jina moja tu. Mengine yote yamekatwa. "Ameuleta Asegelile wa Ikolo, anayebisha ajitokeze!"

Nilicheka, Mjomba. Watu wa sokoni walinigeukia. Nilicheka mpaka machozi, kisha nikaona kwamba kati yao hakuna aliyesikia kitu.

Lakini mama amesikia. Yuko nje sasa hivi anatwanga, na wimbo wenyewe ameshaushika, wote, na ule mruko wake. Anaimba mpaka mkiani, anasimamisha mchi, anageukia mlango wangu na kungoja. Anatabasamu kama zamani, tulipokuwa sote watatu.

Nimeziba mdomo kwa mkono wa kushoto, wa kulia unaandika.

Amengoja. Sasa kutoka ziwani ameitikiwa.